Mtungi Uliongoja Harusi

Kardenakhi,
20 Agosti 2006

Kwa Lamara, dada yangu wa pekee,

Salamu zangu na zitangulie mbele ya maneno mengine yote, zikufikie huko Bari kwa mkono wa Jumberi, dereva wa gari la vifurushi, ambaye ameniapia kwamba safari hii hatazisahau chini ya kiti. Hapa nyumbani tu wazima. Wifi yako Nunu goti linamsumbua nyakati za mvua, na mwaka huu mvua haikuwa haba. Binti yetu Dariko amefaulu mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Ng'ombe amezaa. Mizabibu imebeba vizuri, ingawa hakuna ajuaye mvinyo utauzwa wapi, maana soko la nchi jirani ya kaskazini limefungwa tangu masika na kila nyumba inakunywa kile ilichokusudia kuuza.

Baada ya hayo, niruhusu niingie katika kiini cha barua hii na kulieleza jambo kwa utaratibu wake, kama nifanyavyo ninapowaandikia majirani maombi yao ya ofisi ya wilaya, ambako msomaji huchukuliwa kuwa hajui chochote, hata kama anajua yote.

Vuli ya mwaka 1981, ulipomzaa Temuri, marehemu baba yetu alijaza mvinyo mtungi wa tatu kutoka mlangoni mwa chumba cha mitungi, ule uliozikwa ardhini mpaka shingoni, akaufunika kwa bamba la jiwe, akaukandika udongo, akatamka mbele ya mashahidi kwamba hautafunguliwa ila siku ya harusi ya mtoto huyo. Temuri alifariki tarehe 19 Novemba mwaka jana, akiwa na miaka ishirini na minne, gari lilipopinduka katika barabara ya mlimani. Hakuwa ameoa. Wewe hukuweza kuja kumzika, kwa kuwa bila makaratasi ungetoka Italia usirudi tena, na maombi matatu niliyoyaandika kwa niaba yako hayakujibiwa.

Desturi yetu ni kwamba mtungi wa namna hiyo hunywewa katika kumbukumbu ya mwaka, na mwenye kutoa idhini ni mzazi. Baba yake hayupo duniani. Umebaki wewe.

Nisingekuharakisha, lakini udongo wa mdomoni umepasuka mara mbili tangu Pasaka, na hewa ikiendelea kuingia tutakuwa tunatunza siki. Isitoshe, rafiki zake watatu, Imeda, Badri na Tsotne, wamenijia. Unajua walivyokuwa na ada ya kuzunguka naye nyumba za mvinyo siku moja kila mwaka baada ya mavuno. Mwaka huu wameniomba nikae nao garini. Watapita nyumba tano, na ya tano ni yetu, ili siku hiyo iishie kwenye mtungi wake. Wamechagua Jumapili, tarehe 22 Oktoba, majuma manne kabla ya kumbukumbu yenyewe.

Naomba idhini yako kwa maandishi. Neno moja linatosha.

Nduguyo akuheshimuye,
Otari


Bari,
12 Septemba 2006

Kaka Otari,

Barua yako nimeipokea Jumapili kutoka kwa Jumberi, kule kwenye maegesho anakosimamisha gari, pamoja na kokwa za jozi na jibini. Jibini lilikuwa limelowa kidogo lakini linalika. Nakushukuru wewe na wifi. Mpe Dariko hongera. Ng'ombe msimkamue sana wiki za mwanzo.

Mimi ni mzima. Bibi Assunta, ninayemtunza, ametimiza miaka themanini na minane, naye hakumbuki leo kilichotokea jana. Kila asubuhi saa mbili ninampa vidonge, na kila asubuhi ananiuliza swali lile lile: "Mwanao hajambo? Ameshaoa?" Namjibu, "Hajambo. Bado." Anasema, "Mwambie aharakishe, nataka kucheza kabla miguu haijaniacha." Kisha anameza.

Joto halijapungua. Nimekutumia soksi, kahawa, na dawa ya goti la wifi. Apake asubuhi na jioni.

Kuhusu mambo mengine uliyoyaandika, nimesoma.

Dada yako,
Lamara


Kardenakhi,
1 Oktoba 2006

Kwa dada yangu Lamara,

Nakusalimu kwa mara nyingine. Dawa imemfaa Nunu, na soksi nimezivaa. Mavuno tumeyamaliza juzi. Dariko yuko chuoni, anasema wanalala wanne chumba kimoja na mmoja wao anakoroma.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta idhini au katazo, sikupata lolote kati ya hayo mawili. Katika shughuli zangu nimejifunza kwamba kuna ofisi ambayo isipojibu ndani ya siku thelathini huhesabiwa kuwa imekataa, na kuna nyingine ambayo ukimya wake huhesabiwa kuwa umekubali. Sijui wewe ni ofisi ya namna gani.

Siku imebaki ile ile, tarehe 22.

Nduguyo,
Otari


Kardenakhi,
29 Oktoba 2006

Kwa dada yangu Lamara,

Natanguliza salamu kutoka kwa kila aliyemo humu ndani. Hatujambo. Hakuna barua yako iliyonifikia kabla ya siku yenyewe. Jumberi anasema hakupewa kitu. Kwa hiyo nakupa taarifa ya siku hiyo kama ilivyokwenda, maana una haki ya kuijua.

Imeda alifika saa mbili asubuhi na lile gari lake kuukuu la kijani. Badri na Tsotne walikuwa wamekaa nyuma, huyu dirisha hili na huyu dirisha lile, wameacha nafasi katikati. Nikauliza kama hiyo ndiyo yangu.

"Hapana, mjomba, wewe kaa mbele na Imeda," akasema Badri. "Mzee mwenye kalamu hakai nyuma na wahuni."

Nikapanda mbele.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Shalva, Gurjaani. Alitutazama tunavyoshuka, akauliza, "Mmekuja kuonja au kuhamia?"

"Tumekuja kuhesabu mitungi yako tukuandikie ushuru," akasema Badri. "Huoni tumekuja na mwandishi?"

"Huyo ndiye aliyeniandikia ombi la maji. Maji yalikuja baada ya miaka miwili."

"Basi ushuru nao utakuja baada ya miaka miwili. Mimina."

Akatumiminia mvinyo mchanga, ambao bado unachemka, tukainua glasi kwa ajili ya amani. Nilionja. Ulikuwa mvinyo. Siwezi kukuandikia zaidi ya hapo. Siku nzima niliona rangi, nikasikia ubaridi wa glasi, na ulimi haukuniambia kitu.

Nyumba ya pili ni ile mpya, yenye mapipa ya chuma yanayong'aa. Kulikuwa na wageni wa kutoka nje, wanaingiza pua kwenye glasi na kufumba macho. Binti mwenye aproni nyeupe akatuletea ndoo, akasema anayetaka aonje kisha ateme humo.

Badri akaitazama ndoo. "Dada, kijijini kwetu mtu akitema mvinyo anapelekwa hospitali."

"Ni utaratibu wa wageni, kaka."

"Basi wageni wape ndoo, na mimi nipe mvinyo wao."

Tsotne akacheka. Kwa siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho.

Nyumba ya tatu ni ya Eteri, yule mjane wa Velistsikhe anayekanyaga zabibu zake mwenyewe. Masikio yamemwishia na haendi popote, hivyo habari hazimfikii. Alitupokea mlangoni, akatuhesabu kwa kidole, akauliza, "Na yule mrefu wenu, anayegonga kichwa kwenye boriti yangu kila mwaka, mmemwacha wapi?"

Imeda akainama sikioni mwake. "Leo hakuweza, mama."

"Mwambieni boriti inamsubiri."

Tulipokuwa tunaondoka akatupa dumu la mvinyo, akasema, "Hili si lenu nyie walevi. Ni lake." Imeda akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kiti cha nyuma, katikati ya Badri na Tsotne. Likakaa hapo mpaka jioni. Kwenye kona Tsotne alikuwa akilishika lisianguke.

Nyumba ya nne ni monasteri. Mtawa alitukaribisha bila maneno mengi, akauliza kama kuna jina la kuombewa. Imeda akasema, "Temuri." Mtawa akafungua daftari, ambalo kurasa za kushoto ni za walio hai na za kulia ni za waliolala, akauliza, "Niandike upande gani?"

Imeda akamtazama Badri. Badri akanitazama mimi. Tsotne ndiye aliyesema, "Marehemu." Alilitamka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kijiji alichotoka. Mtawa akaandika, akapuliza wino ukauke, kisha akatumiminia. Huko nje Tsotne aliegemea ukuta, akasema hajawahi kulisema neno hilo juu ya Temuri.

Jioni tukarudi. Mtungi haujafunguliwa. Nunu alikuwa amechoma nyama kwa moto wa vijiti vya mizabibu, nayo iliiva vizuri. Ng'ombe anatoa maziwa ya kutosha.

Nduguyo,
Otari


Bari,
18 Novemba 2006

Kaka Otari,

Nawasalimu nyote. Nimefurahi kusikia habari za maziwa. Huku mvua zimeanza, na Bibi Assunta hataki tena kutoka kwenda verandani.

Nilikuandikia barua tarehe 15 Oktoba. Haikutoka kwenye mkoba wangu. Bado imo. Nimeifungua leo kuona nilisema nini, nikakuta nimekueleza hali ya hewa.

Mwezi wa nane uliandika kwamba nyumba ni tano. Katika taarifa yako zipo nne. Nimezihesabu mara mbili. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kuona hati yako iliyopungua kitu. Pia umeandika kwamba mtungi haujafunguliwa, lakini hukuandika ni nani aliyesema usifunguliwe. Mimi sikusema.

Nini kilitokea nyumba ya tano?

Kesho ni tarehe kumi na tisa. Bibi Assunta ana miadi na daktari wa macho.

Dada yako,
Lamara


Kardenakhi,
3 Desemba 2006

Kwa dada yangu Lamara,

Salamu nyingi. Ibada ya mwaka ilisomwa kanisani na watu walikuja wengi. Nyumbani tuliwapa mvinyo wa kawaida. Nunu aliweka maua ya manjano kaburini, yale uliyoyataka mwaka jana.

Umeniuliza, na sina haki ya kukataa kulijibu swali lililoulizwa kwa maandishi.

Tulishuka chumba cha mitungi mimi na vijana watatu. Meza ilikuwa imewekwa karibu na mtungi wa Temuri. Sepetu na kata ya kibuyu nilikuwa nimeviandaa tangu alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ukimya wako ni idhini. Hilo lilikuwa kosa, ila silo ninaloliungama hapa.

Nilikuwa msemaji wa meza, kama siku zote. Niliinua glasi kwa ajili ya Mungu, nikainua kwa ajili ya nchi, nikainua kwa ajili ya wazazi. Ikafuata glasi ya vijana wa nyumba hii. Baada yake ndipo ningewataja waliolala, kisha ningechukua sepetu. Maneno ya glasi ya vijana niliyatunga mwenyewe Dariko alipozaliwa, na kwa miaka kumi na minane sijayabadilisha hata nukta. Unayajua. Nilisema: "Kwa Temuri mwana wa Lamara, na kwa Dariko binti wa Otari, wawe hai, washinde, na Mungu atujalie kuufungua mtungi huu huku tukicheza."

Sikuwa nimelewa. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimelewa. Maneno yalitoka yenyewe, kila moja mahali pake, na nakiri kwamba nilipokuwa nikiyatamka niliridhika na mpangilio wake.

Vijana walisimama. Wewe unajua kwamba kwa marehemu hatugongi glasi. Tunadondosha mvinyo kwenye mkate. Sisi tuligonga. Badri akasema, "Washinde." Imeda akasema, "Washinde." Wakanywa mpaka chini. Ndipo nilipouona mkate mezani, ambao Nunu aliuweka kwa kazi hiyo, haujaguswa na mtu.

Tsotne peke yake hakunywa. Aliiweka glasi mezani polepole.

"Mjomba, mimi leo nilishasema," akasema. "Nilisema mbele ya mtawa. Umenirudisha nyuma."

"Kaa chini, Tsotne," akasema Imeda. "Mzee kachoka."

"Hajachoka. Sote hapa hakuna anayejua kusema kama yeye. Kama yeye kasema yuko hai, mimi nifanyeje?"

"Kaa chini, nimekwambia."

"Wewe ndiye uliyemwambia yule bibi hakuweza kuja leo. Kwani kesho ataweza?"

Tsotne akatoka, akatembea kwa miguu mpaka kwao. Imeda akalitoa dumu la Eteri garini, akaliweka juu ya bamba la mtungi, yeye na Badri wakaondoka. Sepetu nikairudisha ukutani.

Nimewaandikia watu wa wilaya hii maombi kwa miaka thelathini na moja, na halijarudishwa hata moja kwa kosa la jina. Nimeliweka jina la mwanao mahali pasipo pake, mbele ya rafiki zake na mbele ya mtungi wake. Sikukuandikia kwa sababu nilitafuta namna ya kuliweka sawa, sikuipata.

Nasubiri hukumu yako.

Otari


Bari,
20 Desemba 2006

Kaka,

Wasalimu wote, na Nunu umshukuru kwa maua.

Umeomba hukumu. Sina. Kila asubuhi saa mbili, kwa miezi kumi na tatu, nimekuwa nikiinua glasi hiyo hiyo uliyoinua wewe. "Hajambo. Bado." Wewe ulisema mara moja ukaona haya. Mimi nasema kila siku, kisha naosha kikombe.

Sijalia, kaka. Wanawake wenzangu wa pale maegeshoni hunitazama kila Jumapili kama watu wanaosubiri basi. Siku ulipopiga simu nilikuwa nakunja shuka. Nilikusikiliza, nikakata simu, nikamaliza kuikunja. Tangu siku hiyo ninakunja vizuri kuliko zamani. Hakuna kinachoniuma. Nimetaka ujue hivyo, usije ukanifikiria vinginevyo.

Idhini uliyoiomba niliishikilia kwa sababu mtungi ukiwa umefungwa, harusi ilikuwa haijafika tu. Sikuwa na sababu nyingine.

Nilipokuwa na miaka tisa ulinifundisha kuandika kwa wino, ukanikataza kufuta. Ulisema kosa katika hati halikwanguliwi. Hupigwa mstari mmoja, ili kilichokuwa kimeandikwa kiendelee kusomeka, na mwandishi hutia sahihi pembeni. Fanya hivyo. Waite watu wale wale, mkae meza ile ile, na Tsotne awepo. Ikibidi kamfuate kwao. Usipambe maneno.

Mtungi wa tatu kutoka mlangoni ufunguliwe. Mimi mama yake Temuri nimekubali. Idhini ndiyo hii, kwa maandishi, na sahihi yangu iko chini.

Lamara, binti wa Giorgi


Kardenakhi,
17 Januari 2007

Kwa dada yangu Lamara,

Salamu. Sote wazima. Theluji imefika magotini.

Idhini yako ilifika mikononi mwangu tarehe 8. Tsotne nilimfuata kwao kwa miguu. Hakunikaribisha ndani. Nikamwonyesha barua yako pale pale mlangoni, akaisoma mpaka mwisho, akasema, "Nitakuja. Kwa ajili ya mama Lamara."

Jumapili tarehe 14 tulikaa, watu wale wale, meza ile ile. Nilisimama nikasema: "Tarehe 22 Oktoba, hapa, nilimtaja Temuri kati ya walio hai. Nilikosea. Temuri amefariki." Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Sikuyasema. Tsotne akachukua mkate, akaudondoshea mvinyo, na sisi tukafuata. Hakuna aliyegonga glasi.

Kisha Imeda na Badri wakachimba, mimi nikaliondoa bamba. Juu, kiasi cha shubiri moja, mvinyo ulikuwa umeharibika kwa ule ufa. Tuliuteka kwa kata tukaumwaga. Chini yake ulikuwa safi, rangi ya chai iliyokolea. Badri alionja akasema, "Babu alijua." Mimi nami nilionja. Safari hii ulimi uliniambia kitu, ila sina neno lake.

Siku ya pili Imeda alikwenda kwa Eteri akamwambia. Alimpelekea na chupa.

Na wewe nakutumia chupa moja kwa mkono wa Jumberi. Nimeizungushia soksi zako.

Otari


Bari,
11 Februari 2007

Kaka Otari,

Nakusalimu, pamoja na wifi na Dariko, na vijana wote watatu. Chupa ilifika Jumapili mbili zilizopita. Kizibo kilikuwa kimevuja kidogo, soksi zimechukua rangi. Sijazifua.

Asubuhi iliyofuata niliifungua nikampa Bibi Assunta tone moja kwenye kijiko, maana daktari hamruhusu zaidi. Akauliza unatoka wapi. Nikasema ni mvinyo wa mwanangu. Akasema, "Basi ameoa." Saa ilikuwa mbili. Nikamwambia, "Hapana, Bibi. Amefariki. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja."

Alilia. Alilia kwa sauti, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza alikuwa na miaka mingapi, na alikuwa mrefu kiasi gani. Nilimjibu. Nikampa kitambaa. Nikasubiri amalize, nikampa vidonge.

Asubuhi ya pili akaniuliza, "Mwanao hajambo? Ameshaoa?"

Ningeweza kurudi kwenye jibu la zamani. Ni jepesi, na yeye asingejua. Lakini wewe uliweka sahihi pembeni, nikaona na mimi niweke yangu. Nikamwambia tena. Akalia tena, upya, kama mtu aliyeletewa habari saa hiyo hiyo.

Leo ni asubuhi ya kumi na nne. Kila siku anauliza alikuwa mrefu kiasi gani, na mimi namwonyesha kwa mkono, pale ukutani juu ya swichi ya taa. Siku za mwanzo nilikuwa nikisimama nimeshika bilauri ya maji, nikisubiri amalize. Juzi nilivuta kiti. Sasa anapolia, ninakaa.

Dada yako,
Lamara